Jina, Sura na Ukweli: Kwa Nini Watu Hudanganya Kuhusu Nafsi Zao Mtandaoni

(Maneno ya hotuba iliyotolewa ukumbini katika juma la maadhimisho ya hekalu letu)



Kamati iliponitaka nizungumze ilinipa uhuru wa kuchagua jambo. Huenda wengine walitarajia nizungumzie bei ya saruji, kwa kuwa hilo ndilo mwenye duka la vifaa vya ujenzi anadhaniwa kulijua. Nimechagua jingine, ambalo naamini limeingia katika kila nyumba iliyowakilishwa humu: kwa nini mtu, anapofungua simu na kuingia mtandaoni, huacha jina lake na sura yake mlangoni, akavaa za mwingine?

Mimi si msomi. Shule yangu iliishia sekondari. Lakini mwenye duka ana elimu moja ambayo hawezi kuishi bila kuwa nayo, nayo ni kumjua mtu anayemkabidhi mali. Neno “hundi”, ambalo leo Waswahili hulitumia kwa hati ya benki, lilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi. Hundi ya zamani ilikuwa barua tu: mfanyabiashara wa pwani hii alimwandikia mwenzake wa Bombay au wa Kachchh kumwomba amlipe mwenye barua kiasi fulani cha fedha. Kilichoipa karatasi ile thamani kilikuwa jina lililoandikwa chini yake. Hata khanga zilinunuliwa kwa jina. Mama wa Mombasa alitazama kwanza kama ina alama ya “Mali ya Abdulla”, ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza mwaka 1887. Jina lilikuwa mtaji. Mwenye kulighushi aliiba zaidi ya fedha, kwa kuwa aliwafanya watu waache kuaminiana.

Hoja yangu ni moja, nanyi mtaipima. Wengi wanaodanganya kuhusu nafsi zao mtandaoni hawaanzi kwa nia ya kuiba. Huanza kwa kuamini kwamba wao, kama walivyo, hawatoshi, au hawako salama. Mwizi huja nyuma yao, na mtaji wake ni aibu yetu.

Uongo huu ni wa kale

Tusiutwishe mtandao lawama zote. Waliolelewa kwa visa vya Mahabharata na Ramayana wanajua kwamba kujibadili nafsi ni jambo la tangu enzi. Kwa faida ya majirani zetu, nitavikumbusha visa vitatu kwa ufupi, kwa kuwa vimebeba sababu tatu ninazozikuta hadi leo.

Cha kwanza ni cha Karna. Alilelewa na mwendesha gari la farasi, na kwa sababu ya malezi hayo alinyimwa mafunzo ya silaha kuu aliyoitamani. Akamwendea mwalimu mwingine, Parashurama, akajitambulisha kuwa ni Mbrahmani. Akapokewa, akasoma, akafuzu. Siku moja mwalimu alilala huku kichwa chake kimelazwa pajani mwa mwanafunzi wake. Mdudu akamtoboa Karna paja, damu ikatoka, naye akavumilia bila kutikisika ili asimwamshe mwalimu. Uvumilivu ule wa kishujaa ndio uliomfichua, kwani mwalimu alijua kwamba si wa Mbrahmani. Akamlaani kwamba elimu ile itamtoka saa atakapoihitaji kuliko saa nyingine zote. Na lililo chungu zaidi ni kwamba Karna alikuwa mtoto wa Kunti, binti wa kifalme, aliyemwacha mtoni akiwa mchanga. Alidanganya kuhusu nasaba yake kabla hajaijua nasaba yake.

Cha pili ni cha ndugu watano Pandava na mke wao Draupadi. Baada ya miaka 12 ya kuishi msituni, walitakiwa kuishi mwaka wa 13 pasipo kutambuliwa. Wakigunduliwa, wangerudi uhamishoni kwa miaka mingine 12. Wakaingia katika nyumba ya mfalme Virata. Yudhishthira akawa mchezeshaji wa dadu wa mfalme, Bhima akawa mpishi, Arjuna akawa mwalimu wa ngoma, Nakula akatunza farasi, Sahadeva akatunza ng'ombe, na Draupadi akawa mtumishi wa malkia.

Cha tatu ni cha Ravana, aliyemjia Sita katika mavazi ya mtu wa dini anayeomba sadaka.

Karna alidanganya ili afunguliwe mlango aliofungiwa. Pandava walijificha ili wapone. Ravana alijigeuza ili awinde. Nayatumia majina haya matatu kama makabati matatu ya dukani kwangu, ili tusichanganye bidhaa zisizofanana.

Kilichobadilika

Ikiwa uongo ni wa kale, basi mtandao umeongeza nini? Mwaka 1993 jarida la The New Yorker la Marekani lilichapisha katuni iliyochorwa na Peter Steiner: mbwa ameketi mbele ya kompyuta, akimweleza mbwa mwenzake kwamba humo ndani hakuna atakayejua kuwa yeye ni mbwa. Wakati ule wengi wetu hapa tulikuwa hatujaugusa mtandao. Leo tunaielewa katuni ile bila kufafanuliwa.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, alieleza kwa nini mtu mtandaoni hulegeza kamba ambazo hapa duniani humshika. Hajulikani kwa jina. Haonekani kwa macho. Jibu la mwenzake haliji papo hapo. Huyo mwenzake humjenga akilini mwake apendavyo. Mambo yote humwia kama mchezo usio na madhara. Na hapaonekani mkubwa wa kumwonya.

Nami nikiyatafsiri hayo kwa lugha ya duka, nasema hivi: anayetaka kunidanganya uso kwa uso ana kazi nzito. Macho yangu yako machoni mwake. Sauti yake inaweza kumsaliti. Na akiwa katikati ya maneno, anaweza kuingia mtu wa Barabara ya Kumi na Mbili na kumwita kwa jina alilopewa na mama yake. Uongo wa ana kwa ana una gharama. Mtandao umezifuta karibu gharama zote hizo, na kila mfanyabiashara anajua kinachotokea bidhaa inaposhuka bei: wanunuzi huongezeka, wakiwemo wale ambao zamani wasingethubutu.

Wanaojiongeza

Tuanze na kabati la Karna, kwa kuwa ndilo lililojaa kuliko mengine.

Mwaka 2008 watafiti Catalina Toma, Jeffrey Hancock na Nicole Ellison walitangaza matokeo ya utafiti walioufanya New York. Waliwaita watu 80 waliokuwa wakitafuta wachumba mtandaoni. Wakawapima urefu kwa rula na uzito kwa mizani, wakaangalia umri katika vitambulisho, kisha wakalinganisha na yale ambayo watu hao walikuwa wameyaandika. Wapatao wanane katika kila kumi walikuwa wamedanganya walau katika jambo moja. Wanaume walipenda kujiongeza urefu, wanawake kujipunguza uzito. Lakini uongo wenyewe kwa kawaida ulikuwa mdogo, kiasi ambacho ungeketi nao mezani usingeugundua. Walijua kwamba siku moja watakutana na huyo wanayemwandikia, kwa hiyo waliuongopea ukweli bila kuukimbia mbali.

Tusiwacheke watu wa New York. Sisi Wagujarati tunayo karatasi ya wasifu wa ndoa, ile ambayo familia zetu huiita baiodata, na karatasi hiyo ina miujiza yake. Kijana huongezeka inchi mbili kati ya fundi cherehani na mpiga chapa. Anayesaidia kaunta ya baba yake huwa mkurugenzi. Masomo aliyoyaacha mwaka wa pili huandikwa kana kwamba yamekamilika. Zamani karatasi ile ilipita mikononi mwa shangazi watatu au wanne kabla ya kufika nyumba ya pili, na shangazi hawasomi kimya kimya. Mmoja angesema, “Huyu namjua tangu anatambaa, ebu futeni hapo.” Tangu miaka ya 1990 karatasi zetu zilipoanza kuhamia katika tovuti za ndoa, shangazi amewekwa kando. Hali ilifika mahali ambapo mwezi Juni mwaka 2016 Serikali ya India ilitoa mwongozo kwa tovuti hizo, ikizitaka zihakikishe utambulisho wa watu wanaojiandikisha. Serikali ya nchi kubwa ilibidi ifanye kazi ya shangazi.

Sasa tujiulize kwa haki: ni nani aliyempangia kijana huyo bei ya inchi mbili? Ni sisi. Mgeni anapotajwa katika nyumba zetu, swali la kwanza ni mtoto wa nani, la pili ni wa kijiji gani huko Gujarat, la tatu ni wana maduka mangapi. Majirani zetu nao wana maswali yao: ana kazi gani, ana gari gani, amejenga wapi. Kijana husikia maswali haya tangu utotoni, akajifunza kwamba kuna majibu yanayofungua mlango na majibu yanayoufunga. Akipata simu mkononi, anapiga picha akiwa ameegemea gari la mtu kule Raskazone, na kuiweka Instagram bila kusema ni lake wala si lake. Waswahili wametuonya kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini sisi wenyewe tumekuwa tukinunua milango.

Wapo pia wanaojiongeza ili wasikilizwe. Mwaka 2011 ulimwengu ulifuatilia maandishi ya mwanamke wa Syria aliyejiita Amina, akieleza maisha yake Damascus wakati wa maasi. Ikatangazwa kwamba ametekwa. Watu wakaanza kumtafuta, wengine kwa kujihatarisha. Mwezi Juni mwaka huo ikabainika kwamba Amina hakuwahi kuwepo. Mwandishi alikuwa Mmarekani, Tom MacMaster, aliyekuwa mwanafunzi huko Edinburgh, na picha alizozitumia zilikuwa za mwanamke mwingine aliyeishi London, ambaye hakuwa na habari. Alijitetea kwamba mambo aliyoyaandika kuhusu Syria yalikuwa ya kweli. Huenda sehemu yake ilikuwa kweli. Lakini walioumia ni Wasyria wenyewe, kwa maana tangu siku ile kila aliyelia kutoka Damascus aliweza kuambiwa kwamba naye ni wa kubuni. Uongo wa mtu mmoja huwapandishia bei ya kuaminika wakweli wote waliosimama nyuma yake.

Wanaojificha

Kabati la pili ni la Pandava, na hapa naomba wazee tuwe na upole.

Kuna binti anayetumia picha ya ua badala ya uso wake, kwa sababu alipoweka uso wake alitumiwa ujumbe ambao hawezi kumwonyesha baba yake. Kuna mwanamke mfanyabiashara anayejibu wateja kwa jina la kiume ili mazungumzo yabaki kwenye bei ya mzigo. Kuna kijana anayeuliza kuhusu ugonjwa wake kwa jina la kubuni, kwa maana mji wetu ni mdogo na duka la dawa lina masikio. Je, hawa ni waongo?

Mimi natumia kipimo kimoja, nacho nakitoa katika kisa chenyewe. Bhima alificha jina lake, lakini alipika kweli kweli, na waliokula walishiba. Nakula aliwatunza farasi wa mfalme wasife. Walificha walichotakiwa kukificha ili wapone, na hawakumchukulia mtu kitu kwa maficho yao. Basi muulize anayejificha: je, mwenzako anakupa nini kwa sababu anaamini wewe ni mtu mwingine? Kama hampi chochote ambacho asingekitoa akijua ukweli, mwache na pazia lake. Kama anampa fedha, au moyo, au picha za faragha, au neno la ndoa, hapo pazia limegeuka kuwa nyavu.

Wanaowinda

Ravana angeweza kuja kama mfalme, kwa kuwa alikuwa mfalme. Alikuja kama mwombaji kwa sababu alijua kwamba mlango wa Sita hufunguliwa na huruma. Mwindaji huvaa vazi ambalo wewe unaliheshimu. Anayemtafuta mjane huwa daktari au mwanajeshi aliye mbali na nyumbani. Anayemtafuta mfanyabiashara huwa mnunuzi wa tani nyingi. Anayemtafuta mcha Mungu huwa na kituo cha yatima.

Hapa Tanzania sote tumewahi kupokea ule ujumbe unaosema fedha ile itumwe kwenye namba hii. Tunaucheka, lakini ungekuwa haumpati mtu usingeendelea kutumwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Hatua hizi ni njema. Hata hivyo, alama ya kidole inathibitisha laini imesajiliwa na nani. Haiwezi kuthibitisha moyo wa anayeongea. Marekani, penye polisi na benki zenye nguvu, tume yake ya biashara ilipokea mwaka 2022 taarifa za watu karibu 70,000 waliolaghaiwa kwa mapenzi ya uongo, na hasara waliyoitaja ilifikia dola bilioni 1.3. Hao ni wale tu waliotoa taarifa.

Tusidhani ni maradhi ya wapweke na wasiosoma. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni moja kubwa ya uhandisi alihamisha dola za Hong Kong zipatazo milioni 200 baada ya kikao cha video, ambamo aliona nyuso na kusikia sauti za wakubwa wake wa kazi. Nyuso zile na sauti zile zilikuwa zimetengenezwa kwa kompyuta. Kuona na kusikia, mambo ambayo mahakama za wazee wetu ziliyategemea, sasa hayatoshi.

Nitawasimulia la karibu, na mwenyewe ameniruhusu mradi nisitaje jina. Mzee mmoja ninayemheshimu, mwalimu mstaafu, alifiwa na mkewe. Baada ya muda alikuja dukani akinunua mabati ya vyumba viwili alivyotaka kuviongeza nyuma ya nyumba. Miezi michache baadaye aliyarudisha, yakiwa bado yamefungwa, akaomba arudishiwe fedha, akisema mafundi wamechelewa. Kisha akauza pikipiki. Kisha binti yake akagundua. Alikuwapo mwanamke mtandaoni, muuguzi aishiye Kanada kwa maneno yake, mwenye mzigo uliokwama forodhani, na kila wiki mzigo ule ulidai ada mpya.

Nilipokwenda kumjulia hali, Mwalimu alinyamaza sana, halafu akaniambia: “Fedha nitazisahau, ndugu yangu. Lakini kila asubuhi alikuwapo mtu wa kuniuliza kama nimekunywa dawa. Huyo sijui nimzike wapi.”

Nikamuuliza mbona hakumwambia mtu. Akajibu kwamba nusu ya mji huu amewafundisha yeye, na asingeweza kuvumilia kuchekwa na wanafunzi wake. Tazameni hapo. Katika ile miezi yote, tapeli hakuhitaji kumtisha wala kumfungia. Aibu ilimfanyia kazi ya ulinzi bila mshahara.

Na ukimfuata huyo mwandikaji hadi mwisho wa waya, huenda ukastaajabu zaidi. Mwezi Agosti mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia, huenda wanashikiliwa katika majengo ambamo hulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi waliitikia matangazo ya kazi nzuri. Wahindi wamo, na miongoni mwa waliookolewa wamo Wakenya na Waganda walioahidiwa kazi Thailand. Walifika, wakanyang'anywa hati za kusafiria, wakapewa simu na majina ya uongo. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa aliyemwandikia Mwalimu, wala simtetei tapeli. Nasema tu kwamba anayeandika “mpenzi wangu, umelala?” anaweza kuwa ni mtoto wa mtu, mwenye njaa, ambaye naye alidanganywa na mtu mwenye sura ya mwajiri. Uongo mmoja humzaa mwenzake, na hatimaye pande zote mbili za simu wamekaa watu waliolaghaiwa.

Mtoto aliyesema kweli

Katika maandiko yetu ya kale, Chandogya Upanishad, kuna kisa ambacho nakiweka mbele ya vile vitatu. Mtoto aliyeitwa Satyakama alitaka kwenda kusoma kwa mwalimu. Alijua ataulizwa ukoo wake, basi akamuuliza mama yake, Jabala. Mama angeweza kutunga ukoo mzuri, nani angemwumbua? Akamwambia mwanawe kwamba katika ujana wake alikuwa mtumishi, akihudumia huku na huko, na hajui baba yake ni nani. Akajitambulishe kwa jina lake mwenyewe na jina la mama yake. Mtoto akaenda, akayasema hayo hayo mbele ya mwalimu, bila kupunguza. Mwalimu, Gautama, akamwagiza alete kuni za kuanzia mafunzo. Alisema atampokea kwa kuwa hakuiacha kweli.

Karna na Satyakama walikuwa na haja moja, na wote wawili walikabiliwa na swali moja: wewe ni wa ukoo gani? Mara nyingi tunamsifu Satyakama kwa ujasiri wake, naye anastahili. Lakini nawaombeni tuwatazame pia watu wazima wawili waliokuwa kila upande wake. Mama hakumfundisha mwanawe kuona haya kwa asili yake. Mwalimu hakumfukuza aliposema kweli. Karna hakupata hata mmoja wa hao. Ukweli wa mtoto mmoja ulibebwa na watu watatu.

Tufanye nini

Mfanyabiashara hamalizi maneno bila hesabu, nami nina mambo manne.

La kwanza ni la tahadhari. Ombi lolote la fedha linalokuja kwa simu, hata kwa sauti ya mwanao, likate, kisha mpigie wewe mwenyewe kwa namba unayoijua. Kila familia iwe na swali moja ambalo jibu lake halijaandikwa popote. Mtu ambaye hajawahi kukutana nawe hana haki ya kukuharakisha. Haraka yake ni ushahidi tosha.

La pili ni la ndoa. Tuirudishie baiodata shangazi wake. Familia mbili zikutane mapema, waulizane ana kwa ana, na tuyapunguze yale maswali yanayowafundisha watoto wetu kusema uongo. Kijana akisema “nasaidia kaunta ya baba,” tumwitikie kwamba hiyo nayo ni kazi.

La tatu ni la vijana. Msidhani kwamba sura mnayoijenga mtandaoni mtaivua mkitaka. Anayependwa kwa sura isiyo yake hana raha hata akipendwa, kwa sababu anajua mapenzi yale yameandikwa kwa jina la mtu mwingine. Waswahili wamesema mwacha asili ni mtumwa.

La nne ni kubwa kuliko yote, na ni letu sisi wakubwa. Atakapokuja mtu kwako kusema “nimetapeliwa”, usianze kwa kumuuliza ilikuwaje mtu mzima kama yeye akaamini. Mpe kiti. Mwagize chai. Kisha nenda naye polisi na kwa kampuni ya simu siku hiyo hiyo, kwa kuwa fedha inayofuatiliwa mapema huenda ikazuiliwa. Na ikiwa katika mtaa wako yuko mzee ambaye hakuna wa kumuuliza kama amekunywa dawa, muulize wewe kabla hajaulizwa na mtu wa Kanada.

Jengo hili tunalolisherehekea juma hili lina milango minne, na sijawahi kuona yeyote akizuiwa hapo akaulizwa ana maduka mangapi. Ninaomba nyumba zetu, maduka yetu na vikao vyetu vya ndoa vifanane na milango hiyo. Uongo utaendelea kuwa rahisi mtandaoni; hilo hatuna uwezo nalo. Lililo mikononi mwetu ni kuufanya ukweli usiwe ghali mno hapa nyumbani.